Umar (r.a.) na Kilio cha Mtoto Mchanga

Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.), baina ya mwaka 13 na 23 Hijria, watoto wa Waislamu walipewa posho kutoka Baitul-Mali, lakini kwa sharti wawe wamekwisha kuachishwa ziwa.

Amepokea Ibn Sa'd katika Tabaqat kwamba msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, na Umar akatoka na Abdurrahman bin Auf (r.a.) kuulinda usiku. Akasikia mtoto analia. Mara tatu akamwendea mama yake, na mwisho akamwambia kuwa ni mama mbaya. Mama, asiyemjua anayesema naye, akajibu kuwa anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu, kwani Umar hampi posho anayenyonya.

Alfajiri Umar aliswalisha huku akilia, hata kisomo chake hakikubainika. Kisha akaamuru itangazwe, na akaandika mikoani, kwamba kila mtoto apewe tangu kuzaliwa.

Hapa pana funzo. Kosa halikuwa la mama, bali la amri, na mwenye amri akaifuta. Al-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama. Nao wauguzi wetu leo wanahimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi.

Basi, enyi maimamu, kabla ya kumlaumu mama aliyeachisha mapema, tumuulize baba: je, mkeo amekula?

Wallahu a'lam.