Ufunguo wa Nyumba: Kazi, Makazi na Lupango Mjini Lubumbashi

Mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukaitwa Lubumbashi tangu 1966, uligawanywa mapema. Upande wa Wazungu kulikuwa na barabara pana na nyumba zilizosimama moja moja, kila moja na bustani yake mbele na chumba cha boi nyuma. Waafrika wengine walikaa mbali, ng'ambo ya eneo tupu lililoachwa makusudi kati ya mji na cité. Maisha ya hao maboi yamesimuliwa kwa Kiswahili chao wenyewe katika Vocabulaire ya André Yav ya mwaka 1965, maandishi ambayo wanahistoria wa miji hawana budi kuyasoma.

Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwataka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake na watoto. Posho, hospitali na shule vilifuatana na nyumba. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni: kazi ikiisha, ufunguo hurudishwa. Mzee aliyezalia watoto wake wote mjini alitazamiwa kurudi kijijini, penye ndugu ambao pengine hawakumfahamu tena.

Hapo ndipo Katuba, iliyofunguliwa mwaka 1950, inapata uzito wake. Kwa utaratibu uliobaki na jina la mtawala Grévisse, mkazi alipewa kiwanja, yaani lupango, na mkopo wa vifaa vya ujenzi, kisha akajitafutia fundi na kujenga kadiri alivyopenda. Ruashi ilikuwa tofauti: huko nyumba zilijengwa na Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, zikakabidhiwa zimekwisha. Wasanifu waliweza kusifu unyofu wa mistari ya Ruashi; mwenye lupango wa Katuba alikuwa na jambo kubwa zaidi, nyumba isiyotegemea hisani ya mwajiri.

Hata hivyo umiliki huo ulikuwa na mipaka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Raia hubaki na haki ya kuitumia, na haki hiyo huhitaji hati. Tena, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, hasa Likasi na Kolwezi, wengi waliziacha nyumba zao au waliziuza kwa bei ya kutupa.

Miaka hiyo hiyo Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka: shaba iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mshahara ulipokatika, lupango ndilo lililolisha watu. Vyumba viliongezwa uani kwa wapangaji, mboga zikapandwa palipokuwa maua, na meza ya kuuzia unga na makala ikawekwa langoni. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya akina mama.

Kwa sababu hiyo mabishano ya urithi ni makali. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inamwachia mjane haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Mara nyingi, lakini, matanga hayajaisha, na ndugu za marehemu wamekwisha kuuomba ufunguo.