Kinanda kilichonusurika Notre-Dame

Jioni ya Aprili 15, 2019, paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris lilipoteketea na mnara wake kuanguka, wapenzi wa muziki wa kanisa walikuwa na swali moja: na kinanda je? Kilikuwa kizima. Moto haukukifikia, wala maji ya zimamoto hayakukiharibu. Hata hivyo paa lile lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake lenye sumu lilitua kila mahali, ndani na nje ya mabomba karibu 8,000 ya kinanda hicho.

Kinanda hiki hakina mjenzi mmoja. Miaka ya 1730 François Thierry alikipanua na kukijengea kabati kubwa la mbao linaloonekana hadi leo. François-Henri Clicquot akakifanyia kazi tena miaka ya 1780. Aliyekikuza kuliko wote ni Aristide Cavaillé-Coll, aliyekikabidhi Machi 1868 kikiwa na rejista 86, yaani seti za mabomba yenye sauti ya aina moja, na safu tano za vitufe vya mikono, mbali na vya miguu.

Ukubwa huo una gharama yake. Mpigaji akiunganisha safu kadhaa, kitufe kimoja hulazimika kufungua vali nyingi zinazobanwa na upepo, na vidole huchoka upesi. Cavaillé-Coll alitumia mivukuto midogo iliyofanya kazi hiyo nzito kwa niaba ya kidole. Ninalomheshimia zaidi ni kwamba mabomba mengi mazuri ya waliomtangulia hakuyatupa; aliyaingiza katika kazi yake mpya.

Kutunza chombo kama hiki kunahitaji fedha na moyo. Louis Vierne, aliyeanza kukipiga rasmi mwaka 1900 akiwa karibu haoni kabisa, alisafiri hadi Marekani mwaka 1927 kupiga maonyesho na kutafuta fedha za kukikarabati. Alifariki dunia Juni 2, 1937, akiwa ameketi kwenye kinanda hicho hicho, katikati ya onyesho. Baada yake umeme ulianza kubeba amri za vitufe hadi kwenye mabomba, kisha kompyuta ikaongezwa, na rejista zikafika 115.

Baada ya moto, mafundi walianza kukifungua Agosti 2020, na hadi Desemba mabomba yalikuwa yameshushwa na kupakiwa kwenye masanduku, kisha yakasafishwa. Kuyarudisha kulikuwa nusu tu ya kazi. Kila bomba lilipaswa kusikilizwa na kurekebishwa hadi litoe sauti sahihi ndani ya kanisa lenyewe, kazi isiyowezekana penye nyundo na misumeno. Hivyo mwaka 2024, kwa miezi kadhaa, mafundi waliingia usiku, wajenzi wakiwa wameondoka.

Desemba 7, 2024, kanisa lilipofunguliwa, Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda kiamke, mara nane, na kila mara kikamjibu kwa muziki.

Kwa maoni yangu waliosimamia ukarabati huu walifanya uamuzi sahihi: walikisafisha na kukirudisha, bila tamaa ya kukigeuza kitu kipya. Msomaji atakayefika Paris ajue kwamba kuingia Notre-Dame ni bure. Akishaingia, ageuke nyuma atazame juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha la duara. Kipo pale.