Noti 25 ni Upepo wa Vipi? Pima Mwenyewe kwa Mpira na Uzi

Kila msimu wa kusi, Idara ya Hali ya Hewa hututolea tahadhari: upepo wa pwani utazidi noti 25, wavuvi wajihadhari. Siku moja ami yangu, mvuvi aliyekula chumvi nyingi, aliisikia redioni akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, noti ishirini na tano ni upepo wa vipi?" Nikamjibu kuwa noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Akacheka. "Sikukuuliza hesabu. Nimekuuliza upepo."

Jibu nililipata kwa kifaa ambacho yeyote anaweza kukiunda nyumbani. Unahitaji mpira wa tenisi ya mezani, uzi mwembamba wa mshipi wa sentimita 30, na kipimapembe cha mwanafunzi. Toboa mpira kwa sindano ya moto, pitisha uzi na uufunge fundo. Ncha ya pili ifunge katikati ya upande ulionyooka wa kipimapembe. Kigeuze upande huo uwe juu, ukiwa sawasawa. Pasipo upepo, uzi utaning'inia kwenye digrii 90.

Simama mahali pa wazi, nyosha mkono mbali na mwili, na uelekeze kipimapembe sambamba na upepo. Mpira utasukumwa, na uzi utapanda. Soma namba iliyo chini ya 90:

- Digrii 80: kilomita 13 kwa saa (noti 7)
- Digrii 70: kilomita 19 (noti 10)
- Digrii 60: kilomita 24 (noti 13)
- Digrii 50: kilomita 29 (noti 16)
- Digrii 40: kilomita 34 (noti 18)
- Digrii 30: kilomita 41 (noti 22)
- Digrii 25: kilomita 46 (noti 25)

Namba hizi zinatokana na uzito wa mpira, ambao ni chini kidogo ya gramu 3, na nguvu ya upepo unaousukuma. Ukitaka kuhakikisha, panda gari alfajiri kukiwa shwari, barabara ikiwa tupu. Dereva aende kilomita 30 kwa saa, nawe utoe kifaa dirishani, mbali na ubavu wa gari. Uzi usimame karibu na digrii 47.

Mambo mawili usiyasahau. La kwanza, nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 40 hausukumi tanga mara mbili ya ule wa kilomita 20, bali mara nne. Ndiyo maana chombo kilichotoka salama asubuhi huweza kuzidiwa adhuhuri.

La pili, vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Upepo wa chini hupunguzwa na ardhi, majumba na minazi. Kwa hivyo namba unayoisoma ukiwa umesimama ufuoni huwa ndogo kuliko ya kituo, na nje ya mwamba upepo huwa mkali zaidi. Mpira ukisoma noti 16, usiseme tahadhari ya noti 25 ni ya uongo.

Hilo nililishuhudia. Nilisimama ufuoni na ami asubuhi moja ya kusi, uzi ukichezacheza kwenye digrii 50. Nikamwambia, "Noti kumi na sita tu, ami." Hakukitazama kifaa. Alitazama povu jeupe nje ya mwamba, akasikiliza makuti, akasema, "Leo hatutoki." Mtumbwi ukabaki juu ya mchanga.

Vijana wengi wanaoingia baharini sasa wana mashine na simu, lakini jicho hilo hawana, na wazee wenye nalo wanapungua. Basi tengeneza kifaa hiki, uchukue na daftari. Kila asubuhi andika namba ya uzi, hali ya bahari, na alichosema mzee. Msimu ukiisha utajua noti 25 ni upepo wa vipi, na siku ukiachwa peke yako ufuoni, utajua kama utoke au ubaki.