Kutoka mawe ya redio hadi betri ya simu

Najua nimepotea hapa kibarazani, mnisamehe. Nilikuwa nikipambana na programu yangu moja ya simu ambayo watumiaji walilalamika kuwa inakula chaji. Katika kuitafutia dawa nikajikuta nasoma historia ya betri, na historia hiyo ikanirudisha nyumbani Giakanja, hapa Nyeri, kwenye redio ya cucu, yaani nyanya yangu.

Redio ile ilitumia mawe makubwa manne. (Kwetu betri za redio na tochi tunaziita mawe.) Yakianza kuchoka, cucu aliyaanika juani mchana, na jioni redio ikapata nguvu ya kutosha taarifa ya habari ya saa moja. Yakifa kabisa yalikuwa mali yetu watoto. Tuliyapasua, tukatoa kijiti cheusi cha katikati, tukachora nacho ukutani. Ule unga mweusi ulipelekwa shuleni kupaka ubao. Leo singemshauri mtoto yeyote afanye hivyo, lakini ndivyo nilivyoshika elektrodi kwa mara ya kwanza maishani bila kujua jina lake.

Kijiti kile ni kaboni. Mwaka 1841 Mjerumani Robert Bunsen alitumia kaboni kwenye betri badala ya platini, ambayo ilikuwa ghali mno. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché akaunda betri yenye kaboni katikati, dioksidi ya manganizi kuizunguka, na zinki upande wa pili. Betri hiyo ilikuwa ya majimaji ndani ya chupa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Carl Gassner akaipatia hataza ya betri kavu ndani ya kopo la zinki. Jiwe la redio ya cucu ni mjukuu wa kopo hilo.

Kwa nini kaboni? Kwa sababu inapitisha umeme na haitafunwi na kemikali zilizomo. Zinki huliwa polepole, hata kopo likatoboka na kuvuja. Kijiti hubaki vile vile, na ndiyo maana sisi watoto tulikikuta kizima. Kukitengeneza si uchawi: unga wa koki hukandwa na lami, husukumwa kupitia tundu kama tambi, kisha huokwa mahali pasipo na hewa kwa joto la kama nyuzi 1,000 za selsiasi.

Ukizidisha moto, mambo hubadilika. Mwaka 1896 Mmarekani Edward Acheson alipata hataza ya kutengeneza grafiti kwa tanuri la umeme. Kwenye nyuzi 2,500 hadi 3,000, atomi za kaboni hujipanga upya tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Shikilia hapo kwenye kurasa, tutarudi.

Kwanza tupite Nakuru. Kampuni ya Marekani ya National Carbon, iliyoanza kuuza betri kavu mwaka huohuo wa 1896, iliingia ndani ya Union Carbide mwaka 1917. Union Carbide Kenya ikaandikishwa mwaka 1967, na kiwanda chake cha mawe ya Eveready kikawa Nakuru. Mwaka 2006 kampuni hiyo, ikiitwa sasa Eveready East Africa, iliuza hisa zake kwa umma katika soko la Nairobi. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mawe ya bei rahisi kutoka nje yalikuwa yamekibana, na kampuni ikaamua kuagiza bidhaa badala ya kuziunda. Wafanyakazi wakaenda nyumbani.

Wakati huo cucu alikuwa na simu yenye tochi. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na kaboni pia, ila ya aina nyingine.

Hapa ndipo kurasa zinaporudi. Mwaka 1980, huko Grenoble, Ufaransa, mwanasayansi Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco, alionyesha kuwa lithiamu inaweza kuingia kati ya kurasa za grafiti na kutoka tena kwa nguvu za umeme. Ukichaji simu, lithiamu inaingia, atomi moja kwa kila atomi sita za kaboni. Ukiitumia, inatoka. Tatizo lilikuwa kwamba vimiminika vya betri vya wakati huo viliingia pia na kuichana grafiti, kwa hiyo Yazami alitumia kitu kigumu badala ya kimiminika. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, ilitumia kaboni ya koki. Grafiti ilishika hatamu baadaye, kilipopatikana kimiminika kisichoichana.

Mwaka 2014 Yazami alikuwa mmoja wa wanne waliopewa tuzo ya Draper kwa betri hizi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2019 ilienda kwa watatu, naye hakuwamo. Mimi sisahau jina lake.

Kwa hiyo kijiti cha jiwe kilikuwa njia tu ya umeme kupita. Grafiti ya simu ni ghala lenyewe. Na ghala hili linatoka kwetu! Tanzania ina grafiti Merelani, Mahenge na Lindi. Msumbiji ina mgodi mkubwa wa Balama, mkoa wa Cabo Delgado, ulioanza kuzalisha mwaka 2017. Lakini unga wa mgodini hauingii moja kwa moja kwenye betri. Punje zake bapa lazima zifanywe mviringo, zisafishwe hadi asilimia 99.95, zivikwe ngozi nyembamba ya kaboni, kisha zipakwe juu ya karatasi ya shaba. Sehemu kubwa mno ya kazi hiyo hufanyika China. Grafiti ya Balama nyingine husafirishwa hadi Vidalia, Louisiana, kumalizwa huko.

Hapo ndipo naona wasiwasi, ndugu zangu. Nakuru ilituonyesha kuwa kiwanda cha kuunganisha betri kinaweza kufa ndani ya miaka 50. Sasa tuna udongo wenyewe, na bado tunauza magunia kisha tunanunua simu. Vyuo tunavyo, hata hapa Nyeri tuna Dedan Kimathi, na joto la ardhini la Olkaria linatupatia umeme. Tanuri la Acheson lilihitaji kaboni, umeme na watu wanaojua kazi.

Programu yangu? Nimeipunguzia njaa, sasa inaamka mara moja kwa dakika 15. Wewe uliyewahi kufanya kazi Nakuru, au kuanika mawe juani, tuandikie hapo chini. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.