Nani Aliyeiandika Turkana? Shajara, Ripoti na Barua za Lodwar na Kakuma

Maandishi mengi ya Kiingereza juu ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma hurudia dai moja: kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili alikanushe dai hilo, kwani lugha hii haina neno la namna hiyo. Hata hivyo, dai limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, likapata hadhi ya ukweli kwa sababu tu limeandikwa. Kosa hilo dogo ladhihirisha tatizo kubwa linalomkabili mhakiki wa matini za kihistoria kuhusu Turkana. Aghalabu eneo hili limeandikwa na watu waliopita, waliotumwa au waliofungwa humo, na kila mmoja amelipa maana aliyokuja nayo. Makala haya yanachunguza aina nne za maandishi hayo, yaani shajara za wasafiri, ripoti za utawala, maandishi ya wafungwa na gazeti la wakimbizi, kwa kuuliza swali moja: ni nani asemaye, na ni nani asemewaye?

Shajara za wapita njia

Msafara wa Count Sámuel Teleki ulilifikia ziwa mnamo Machi 1888. Habari zake zajulikana zaidi kupitia kitabu cha mwenzake, Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la wanamaji la Austria na Hungaria. Ziwa likapewa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme huo, na likaitwa hivyo hadi mwaka 1975 lilipopewa rasmi jina la Turkana. Kwa hiyo tendo la kwanza la maandishi hayo lilikuwa kufuta: watu walioishi ufuoni walikuwa na majina yao ya ziwa, lakini ramani haikuyasikiliza.

Lililo muhimu kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni kwamba msafara huo uliendeshwa na watu wa pwani. Wapagazi waliandikishwa Unguja na Pangani, na miongoni mwa viongozi alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Katika kitabu yeye ni mhusika, si msimulizi. Wala ukimya huo hauwezi kuelezwa kwa kudai kwamba watu wa pwani hawakuwa na mazoea ya kusimulia safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha "Safari za Wasuaheli", mkusanyiko wa masimulizi ya safari yaliyotolewa na Waswahili wenyewe. Nathari ya safari ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwomba Kimemeta aeleze aliyoyaona.

Ripoti na kauli ya kutendwa

Aina ya pili ni nyaraka za utawala: ripoti za mwaka, taarifa za kukabidhiana ofisi na madaftari ya kumbukumbu za siasa. Ziliandikwa na maofisa ambao wengi wao walikaa muda mfupi. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa bila kibali, na hivyo ofisa akawa karibu shahidi pekee mwenye kalamu. Lugha ya nyaraka za namna hii hupendelea kauli ya kutendwa: mifugo hukamatwa, amani hurejeshwa, na mtendaji hupotea ndani ya kitenzi. Katika operesheni ya Labur ya mwaka 1918 majeshi ya Waingereza yaliwanyang'anya Waturkana mifugo kwa makumi ya maelfu. Kwa mfugaji tukio hilo ni njaa na kutawanyika. Kwa karani ni tarakimu.

Mwanahistoria John Lamphear, katika kitabu chake "The Scattering Time" (1992), alionyesha njia ya kutokea. Alizisoma ripoti hizo sambamba na ushahidi wa wazee, akajenga mfuatano wa miaka kwa msaada wa marika yanayoingizwa kwa sherehe ya asapan, na kwa mgawanyo wa wanaume katika Ngimor na Ngirisai, ambao humweka mwana upande tofauti na wa babaye. Katika usomaji huo Ebei, aliyeongoza upinzani wa kaskazini, anatoka katika nafasi ya mhalifu wa ripoti na kuwa kiongozi mwenye mkakati. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba imewekewa sauti ya pili pembeni.

Sauti za waliofungwa

Aina ya tatu ilizaliwa gerezani. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa huko ilipenya hadi London, ikachapishwa katika gazeti la Observer. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, na ni huko wajumbe wa KANU na KADU walikomwendea mnamo Machi 1961.

Kumbukumbu zilizoandikwa baadaye hazikubaliani. Waruhiu Itote, katika kitabu chake cha mwaka 1967, anamsawiri Kenyatta kama mwalimu na mlezi wake gerezani. Bildad Kaggia, mwaka 1975, anasimulia mfarakano mkali kati ya wafungwa. Kutofautiana huko si kasoro ya kuondolewa. Kila kitabu kilitoka wakati waandishi wake walikuwa na hesabu za kisiasa za kulipa au kudai, na usimulizi wao wausema wakati huo sawa na unavyousema wa Lokitaung. Wanalokubaliana ni jingine: katika maandishi ya wafungwa hao Turkana ni joto, vumbi na umbali. Mfugaji aliyeishi nje ya ua hana jina. Waliodhulumiwa na dola waliirithi taswira ya dola kuhusu nchi walimofungiwa.

Kakuma

Taswira hiyo ilirejea mwaka 1992, kambi ilipofunguliwa Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, kuwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametoka Ethiopia. Hapa pia kumbukumbu rasmi, yaani kadi za chakula na orodha za usajili, humtaja mtu bila kumsikiliza. Kwa sababu hiyo kuanzishwa kwa gazeti la Kanere na wakimbizi wenyewe mnamo Desemba 2008 ni tukio la kifasihi, si la uanahabari tu. Humo walioandikwa katika orodha waliandika habari za orodha hiyo.

Hitimisho

Mahali pa kuhifadhiwa kwa nyaraka si suala la makarani peke yao. Moto wa mwaka 1939 katika ofisi kuu ya serikali, Nairobi, uliteketeza majalada mengi. Nakala za filamu za ripoti za wilaya zilipelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, katika miaka ya 1960, ilhali mwanafunzi wa Lodwar husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Mwaka 2011 ilibainika kuwa Uingereza ilikuwa imeficha Hanslope Park majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa Kenya. Karatasi iliyofichwa ilikuwa haki iliyocheleweshwa.

Hivyo basi, kazi mbili zapaswa kwenda pamoja: nakala za nyaraka za Turkana zirejeshwe Lodwar, na ushahidi wa wazee urekodiwe na kuwekwa kando yake, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Pasipo hilo la pili, la kwanza litaongeza rafu tu. Na Kakuma itaendelea kuitwa "pasipo mahali" kwa lugha isiyowahi kuiita hivyo.