Kilima cha Makerere na Taaluma ya Wanawake: Tarehe Fupi

Nyundo, kilima kilicho juu ya mji wa Gisenyi kwenye njia iendayo Kigali, kina heshima yake katika tarehe ya Rwanda, kwa kuwa Mapadre Weupe waliweka misheni yao hapo mwaka 1901, na mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akasimikwa kuwa askofu wake, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi zote zilizokuwa chini ya Ubelgiji. Lakini binti wa Nyundo aliyetamani elimu ya juu katika mwaka huo wa furaha hakuwa na chuo kikuu nchini mwake, maana kile cha Butare hakikufunguliwa hata mwaka 1963. Kwa hiyo mtu atakaye kueleza jinsi taaluma ya wanawake ilivyoingia katika vyuo vya pande zetu hana budi kuishika barabara ya Ruhengeri, avuke mpaka wa Cyanika, apite Kisoro na Kabale, hata awasili kwenye kilima kingine, Makerere, ambako mwaka 1991 ilifunguliwa Idara ya Taaluma ya Wanawake ambayo sasa umri wake umepita miaka thelathini.

Kilima hicho hakikuwekwa kwa ajili ya wanawake. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, na wito wake ulikuwa kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume, wito ambao ulibadilishwa kwa haya pale wasichana walipoingia. Waliingia mwaka 1945, nao walikuwa sita tu, baada ya kuombewa kwa bidii, miongoni mwa wengine, na Mary Stuart, mke wa askofu wa Kianglikana wa Uganda, ambaye bweni la wanawake lingali likiitwa kwa jina lake.

Miongoni mwa wanafunzi wa kike wa siku hizo alikuwako Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Sarah Ntiro baada ya kuolewa na mchoraji mashuhuri Sam Ntiro wa Tanganyika. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu akakataa kufundisha maadamu msichana yumo darasani. Naye, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwamuru mwalimu yule, akahamia somo la historia. Yule aliyefungiwa mlango Makerere alipokewa Oxford, na mwaka 1954 akahitimu, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada. Aliporejea akawa mwalimu, na alipogundua kwamba mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa wanaume wenye elimu kama yake, aliukataa. Vitabu vingi huianza tarehe ya idara hii katika mwaka 1991. Kwa rai yangu ilianza siku ile mwalimu wa hisabati alipoweka chaki chini, kwa sababu hapo ndipo ilipodhihirika kuwa mwanamke aweza kuruhusiwa kuingia chuoni na bado asiruhusiwe kuingia katika elimu.

Zaidi ya miaka thelathini ilipita kabla swali hilo halijapata watu wa kuliuliza kwa pamoja. Mwezi wa Julai 1985 ulifanyika Nairobi mkutano mkuu wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, nao ulikwisha tarehe 26; kesho yake, tarehe 27, serikali ya Milton Obote ilipinduliwa, hata wanawake wa Uganda waliohudhuria wakarudi katika nchi yenye bunduki njiani na watawala wapya ikulu. Ajabu ni kwamba hawakungoja amani. Mnamo Novemba mwaka ule ule, kabla Yoweri Museveni hajaitwaa Kampala, wachache wao, ambao aghalabu walikuwa wasomi na wafanyakazi wa serikali, waliunda chama cha Action for Development, kijulikanacho kwa kifupi kama ACFODE. Wanawake wa Makerere kama Maxine Ankrah na Joy Kwesiga walikuwa nguzo zake, na miongoni mwa madai ya chama hicho yalikuwamo mawili yaliyotimia: wizara ya mambo ya wanawake, iliyoundwa mwaka 1988, na masomo ya wanawake chuoni.

Alhasili, idara hii haikuzaliwa katika kikao cha maprofesa. Iliombwa na wanawake waliokutana nje ya malango ya chuo, na ndiyo maana wale waliodai kwamba ni fikra ya kigeni iliyoletwa na wafadhili wa Ulaya hawakusema kweli, ingawa fedha za wafadhili zilikuwamo, tena si haba.

Mwaka 1990 Makerere iliamua kuwaongezea wasichana waliofaulu alama moja na nusu wakati wa kuomba nafasi, na sehemu yao, iliyokuwa kama robo ya wanafunzi, katika muongo uliofuata ilipita theluthi. Wengi waliwakejeli mabinti hao kwa alama hiyo. Sikupata kusikia mtu akimkejeli mwalimu wa hisabati.

Mwaka uliofuata idara ikafunguliwa chini ya Victoria Mwaka, profesa wa jiografia, ambaye baadaye alikuwa naibu mwenyekiti wa bunge lililotunga katiba ya Uganda ya 1995. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba nyumba ilianza kujengwa kwa dari: shahada ya uzamili ilitangulia, na ile ya kwanza haikufundishwa hadi mwaka 1999. Lakini palikuwa na hekima ndani yake, kwa kuwa walimu wenyewe walikuwa hawajapatikana, na sharti kwanza wafundishwe watakaofundisha. Baadaye jina likaongezwa neno jinsia, na idara ikapandishwa kuwa skuli. Wako waliohofu kwamba wanawake wangepotea ndani ya jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi.

Siku yake kuu ilikuwa Julai 2002, wakati Kampala ilipoupokea mkutano wa kimataifa wa wanazuoni wa taaluma hii, mkutano ulioanzia Haifa mwaka 1981 na ambao haukuwa umewahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Watoto wa idara iliyokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja wakawa wenyeji wa mabingwa wa mabara yote.

Rwanda iliifikia taaluma hii kwa njia iliyo kinyume. Huku sheria ilitangulia kitabu: mwaka 1999 mabinti walipewa haki ya kurithi sawa na ndugu zao, katiba ya 2003 ikaweka asilimia 30 kuwa kiasi cha chini cha wanawake katika vyombo vya maamuzi, na baada ya uchaguzi wa 2008 walikuwa 45 kati ya wabunge 80. Baada ya hayo ndipo Shirley Randell, mwalimu kutoka Australia, alipoongoza kuanzishwa kwa kituo cha taaluma ya jinsia katika chuo cha ualimu cha Kigali, chuo ambacho mwaka 2013 kiliunganishwa na vinginevyo kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Wa Makerere walisoma ili wapate viti. Wa Kigali walisoma ili wajue la kufanya navyo.

Wazazi wengi huuliza kama elimu hii ina kazi. Jibu limo katika sheria ya fedha ya Rwanda ya 2013, iliyozitaka wizara na wilaya zote, Rubavu yenye mji wa Gisenyi ikiwamo, zieleze kila mwaka jinsi bajeti zao zitakavyowafaa wanawake na wanaume. Na Uganda ikaweka sharti la namna hiyo mwaka 2015. Hesabu hiyo haijiandiki yenyewe. Huandikwa na mtu aliyejifunza kutambua ni nani achotaye maji na ni nani amilikiye shamba, katika wilaya ambayo Nyundo ni mojawapo ya tarafa zake.