Trauti, samaki wa maji baridi ya Mufindi
Ukishukia Nyololo, barabara kuu ya Iringa–Mbeya, ukashika njia ya mashamba ya chai ya Mufindi, umeingia eneo la trauti. Si samaki wa asili hapa. Walowezi wa Kiingereza walimpandikiza Kenya mwaka 1905 ili wavue kwa ndoana kama mchezo, baadaye akaletwa kwenye vijito vya nyanda za juu za Tanganyika.

Perege na kambare huvumilia bwawa lenye maji vuguvugu. Trauti hawezi: anataka maji baridi, safi, yanayokimbia. Yakizidi nyuzi 20 hivi anaanza kulegea, na mayai yake yakifunikwa na tope hayaanguliwi. Kwa hiyo miti ya kando ya mto ikikatwa na vinyungu vikalimwa hadi ukingoni, huyu hutoweka mapema. Kambare anabaki.